Mfalme Aliyemuua Baba Yake na Aina Mbili za Hatia

Mwaka 1932 daktari wa akili kutoka Japani, Kosawa Heisaku, alifika Vienna kujifunza uchanganuzi wa nafsi kwa wenyewe. Alikuwa amebeba andiko alilotaka Sigmund Freud, muasisi wa elimu hiyo, alisome. Wakati huo Freud alikuwa mzee wa miaka sabini na ushei, na fundisho lake kuhusu hatia lilikwisha kuenea: mtoto wa kiume humwonea baba yake wivu, hutamani aondoke, kisha huanza kumwogopa, na ni katika hofu hiyo dhamiri huota. Katika kitabu chake Totem and Taboo cha mwaka 1913 alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba dini na maadili vilianzia kwa wana waliomuua baba yao, kisha wakaingiwa na majuto.

Kosawa hakuja kulikanusha hilo. Alikubali kuwa hatia ya namna hiyo ipo, ila alisema ipo na nyingine, isiyotokana na hofu. Ushahidi wake aliuchota katika maandiko ya Kibuddha, kwenye kisa cha mfalme Ajatashatru wa Magadha katika India ya kale, ambaye Wajapani humwita Ajase. Freud hakuonyesha kuvutiwa sana, na hoja hiyo ikabaki bila kujulikana sana nje ya Japani hadi wanafunzi wa Kosawa walipoifufua miaka mingi baadaye.

Yameandikwa mengi kuhusu Ubuddha na saikolojia ya kina, yaani lile tawi linalochunguza tamaa, hofu na kumbukumbu zinazomwendesha mtu bila yeye kujua. Mwanasaikolojia Carl Jung alikiandikia dibaji kitabu cha msomi wa Kijapani D. T. Suzuki kuhusu Zen, mkondo mmoja wa Ubuddha. Mchanganuzi wa nafsi Erich Fromm alikaa na Suzuki huyohuyo katika warsha iliyofanyika Cuernavaca, Mexico, mwaka 1957. Mikutano hiyo ilikuwa na adabu nyingi. Lakini kwa sisi tunaofanya kazi ya ushauri nasaha, andiko la Kosawa lina manufaa zaidi, kwa sababu linagusa jambo linalowaleta watu wengi mlangoni: kosa lililokwisha kutendeka, ambalo mwenyewe hajui aliweke wapi.

Kisa chenyewe, kama Kosawa na mwanafunzi wake Okonogi Keigo walivyokisimulia, kinaanza na hofu ya mwanamke. Malkia Vaidehi aliona uzuri wake unafifia, akaogopa kuachwa na mfalme Bimbisara, akataka mtoto wa kumshikilia. Mtabiri akamwambia kuna mtawa msituni atakayekufa baada ya miaka mitatu na kuzaliwa upya kama mwanawe. Malkia hakuweza kungoja, akaagiza mtawa auawe. Mtawa akakata roho akiapa kwamba atakayezaliwa atalipa kisasi. Mimba ilipoingia, malkia alishikwa na woga, akajifungulia juu ya mnara ili mtoto aanguke afe. Mtoto akapona, akabaki na kidole kilichovunjika.

Alipokua, adui wa Buddha aitwaye Devadatta alimfichulia siri hiyo. Kijana akamfunga baba yake na kuamuru asipewe chakula. Mama akawa anajipaka asali na unga mwilini, anaingia gerezani kana kwamba amekwenda kumjulia hali mumewe, kumbe anamlisha. Mwana alipogundua, alimchomolea mama upanga, mawaziri wakamzuia. Baba akafia gerezani. Baada ya hapo mwili wa mfalme mpya ukatoka vidonda vyenye harufu ambayo hakuna aliyeivumilia. Ni mama peke yake aliyeivumilia, yule ambaye mwana alitaka kumuua na ambaye naye aliwahi kutaka kumuua mwana. Alimkanda na kumpaka dawa.

Hapo ndipo Kosawa alipoiona hatia ya pili. Chukua mtoto wa miaka sita aliyevunja chupa ya chai. Vipande anavisukuma chini ya kabati, akiulizwa anamsingizia mdogo wake. Anaogopa fimbo, na hofu hiyo inamfanya ajifikirie mwenyewe tu: nitapigwa, nitanyimwa. Sasa mama avikute vile vipande, amwite, amkague vidole kama hajakatwa, kisha amwambie alete ufagio wafagie wote. Mara nyingi ni hapo mtoto anapoangua kilio. Hana tena cha kuogopa, na kwa kuwa hana cha kuogopa, anaweza kumwona mama kwa mara ya kwanza: chupa ilikuwa yake, aliinunua kwa fedha zake, nami nimemdanganya. Toba ya kweli, alisema Kosawa, huja baada ya kupokewa. Adhabu humfundisha mtu kujificha vizuri zaidi.

Hoja hii ilikuwa na mizizi katika dini ya Kosawa mwenyewe. Alikuwa wa madhehebu ya Jodo Shinshu, yaliyoanzishwa na mtawa Shinran katika karne ya 13, ambayo husisitiza kwamba mwovu anayejijua kuwa mwovu ndiye hasa anayelengwa na huruma ya Buddha. Shinran mwenyewe alikirejelea kisa cha Ajatashatru kwa kirefu katika maandishi yake. Wasomi wa baadaye wameonyesha kwamba masimulizi ya Kosawa na Okonogi yalichanganya matoleo. Katika andiko la Kibuddha liitwalo Sutra ya Nirvana, dawa za mama hazikufua dafu, vidonda vilizidi, na aliyemponya mfalme ni Buddha. Kosawa alimpa mama nafasi kubwa zaidi, labda kwa sababu alikuwa akifikiri kama mtabibu: wagonjwa wake wengi walikuwa na mama wa kuzungumza naye, au wa kumlilia.

Kuna toleo jingine, la lugha ya Pali, ambalo napenda lisomwe pamoja na hilo kwa sababu halitoi msamaha kwa bei rahisi. Usiku wa mbalamwezi, mfalme Ajatashatru anashindwa kutulia. Tabibu Jivaka anamshauri aende kwa Buddha, aliyepiga kambi kwenye shamba la miembe la Jivaka pamoja na watawa 1,250. Wanapokaribia, mfalme anasisimka mwili. Anamgeukia Jivaka na kumuuliza kama hajamleta kwenye mtego wa maadui, maana inawezekanaje watu wengi hivyo wasisikike hata kupiga chafya au kukohoa? Aliyempindua baba yake sasa anauona mtego hata katika kimya. Anapoingia na kuwaona watawa wametulia kama ziwa lisilo na upepo, neno la kwanza linalomtoka ni kutamani mwanawe, Udayibhadda, apate utulivu wa aina hiyo. Wafafanuzi wa kale waliielewa kauli hiyo mara moja: alikuwa anaogopa kufanyiwa alichofanya.

Mwisho wa mazungumzo mfalme anakiri kosa. Buddha anaipokea kauli yake na kusema kwamba kuliona kosa kuwa ni kosa na kulirekebisha ni kukua. Lakini mfalme akishaondoka, anawaambia watawa kwamba mtu yule amejiharibia: asingemuua baba yake, angefumbuka macho pale pale alipokaa. Mtu amesikilizwa, hakufukuzwa, na bado matokeo ya kitendo chake hayajafutwa. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila moja kuliondoa jingine. Mtu aliyekesha na hatia huhitaji kuyasikia yote mawili. Akisikia la kwanza tu atajiona kama hajafanya kitu, na akisikia la pili tu atazama.

Saikolojia ya kina ilifika karibu na hapo kwa njia yake. Mchanganuzi wa nafsi Melanie Klein, katika maandishi ya mwaka 1937, alieleza kwamba hatia inayojenga huanza pale mtoto anapotambua kuwa mama anayemchukia akinyimwa ziwa ndiye yuleyule anayempenda akinyonyeshwa, na hapo hutamani kutengeneza alichokiharibu. Mchanganuzi mwenzake Donald Winnicott, mwaka 1963, akaongeza sharti: mtoto ataweza kuibeba hatia yake iwapo mama bado yupo, hajavunjika wala hajalipiza, na yuko tayari kupokea kile ambacho mtoto anakuja nacho kama fidia. Pasipo mtu wa kuipokea fidia, hatia hugeuka kuwa wasiwasi usio na jina, au ukatili. Ni maelezo yaleyale ya Kosawa, yaliyoandikwa bila kupitia kwa Buddha.

Japani ilizaa pia zoezi la vitendo kutoka madhehebu hayohayo ya Jodo Shinshu. Mfanyabiashara Yoshimoto Ishin (1916–1988) alipitia desturi kali ya toba iliyomtaka mtu akae bila kula, kunywa wala kulala. Akaondoa mateso hayo pamoja na mafundisho ya dini, akabakiza kujichunguza, na kuliita zoezi hilo Naikan. Lilitumika hata magerezani. Mtu hukaa wiki moja kwenye kona, nyuma ya kiwambo, tangu alfajiri hadi usiku. Huanza na mama yake, kipindi baada ya kipindi cha maisha yake, kwa maswali matatu: nilipokea nini kutoka kwake, nilimpa nini, na nilimletea usumbufu gani? Kila baada ya saa moja au mbili msikilizaji huja, huinama kwa heshima, husikiliza dakika chache, hushukuru na kuondoka. Hatoi tafsiri wala hukumu. Majibu ya jumla hayatakiwi. “Alinilea vizuri” haitoshi. Linalotakiwa ni kama vile: nikiwa darasa la tatu aliamka usiku kunifulia sare, nami asubuhi nikamnunia kwa sababu haijakauka.

Mtu makini ataona kwamba swali moja halimo: yeye alinisumbua vipi? Yoshimoto aliliacha kwa makusudi, kwa kuwa hilo watu hulijibu siku zote bila kuombwa. Kwa wengi ni kweli. Kwa aliyepigwa, aliyebakwa au aliyetelekezwa utotoni si kweli hata kidogo. Huyo mara nyingi amekwisha kujibebesha makosa ya wakubwa, na kumkalisha wiki nzima ahesabu alivyowasumbua ni kumrudisha kwenye jeraha. Hapa ndipo saikolojia ya kina inapotoa kile ambacho taamuli, yaani kukaa kimya na kujichunguza, peke yake haitoi: mahali pa kutaja ulichotendewa, kwa jina lake, na kumkasirikia aliyekitenda, kabla ya mtu kukueleza habari za huruma. Hata malkia Vaidehi, tukumbuke, alimtupa mtoto kwanza.

Mwaka 1984 John Welwood, mwanasaikolojia wa Marekani aliyekuwa mfuasi wa Ubuddha, alionya kuhusu waumini wanaotumia ibada kuruka majeraha yao. Anayesema “nimeshasamehe” huku mkono unatetemeka akisikia jina la mtu fulani hajafika anakodhani amefika. Kanisani na msikitini wapo pia, na dini zao si za kulaumiwa. Vivyo hivyo kukaa kimya kwa saa nyingi si dawa ya kila mtu. Mwenye sonona kali, mwenye kiwewe kibichi au anayesikia sauti aanzie kwa mtaalamu wa afya ya akili, na taamuli ije baadaye, kwa dozi ndogo, akiwa na mtu wa kumwangalia.

Kwa mwenye hatia ya kawaida, ya maneno aliyomwambia marehemu kaka yake au ya mzazi ambaye hakumtembelea hospitalini, kazi huwa na hatua tatu. Kwanza, liseme kosa kwa undani kama wanavyofanya nyuma ya kile kiwambo: siku, mahali, neno lenyewe. Pili, tenganisha lililo lako na lisilo lako. Tatu, tafuta cha kutengeneza, hata kama uliyemkosea hayupo tena. Deni la marehemu laweza kulipwa kwa watoto wake.

Na ukiwa wewe ndiye unayeletewa ungamo, uwe mchungaji, shangazi au rafiki, jizuie na majibu mawili yanayokuja haraka. La kwanza ni “usijali, yameshapita,” ambalo humfungia mtu mlango kabla hajamaliza kusema. La pili ni mahubiri, ambayo humrudisha kwenye hofu ya fimbo. Mwache amalize. Kisha muulize anafikiri nini kinaweza kutengenezwa, na uwe tayari kwenda naye.