Kuingia London kwa Mlango wa Uani

Treni kutoka Rickmansworth hadi katikati ya London haimalizi saa moja. Kwa mashua nyembamba, kupitia Mfereji wa Grand Union, siku nzima huisha na bado uko Hayes, kwenye viunga vya magharibi. Lakini mfereji unaonyesha jambo ambalo reli na barabara kuu hulificha: jiji lile lilijengwa kwa vitu gani, na vilichimbwa wapi. Ni kuingia nyumba kwa mlango wa uani, yaliko majivu, kuni na maganda.

Tuanze na chombo. Upana wake ni kama mita 2.1 tu, ilhali urefu waweza kufika mita 21 na ushei. Kipimo hicho ni urithi wa karne ya 18, wakati mhandisi James Brindley alipojenga mifereji yenye njia finyu katikati ya Uingereza. Nahodha husimama tezini, kana mkononi. Akiisukuma kulia, omo huelekea kushoto, na kwa kuwa mashua huzunguka karibu na katikati yake, tezi nayo hutupwa upande wa pili. Sheria hairuhusu zaidi ya maili 4 kwa saa, na ukitaka kuzidisha, maji yenyewe yanakukatalia. Mfereji ni mwembamba na kina chake kidogo. Maji yanayosukumwa na omo hayana pa kupita ila chini na ubavuni mwa mashua. Ukiongeza moto, maji hukimbia zaidi, usawa wake hushuka, tezi huinamia tope na mawimbi hula kingo. Mashine inanguruma, mwendo ni uleule, mafuta yanateketea.

Kutoka Batchworth, pale Rickmansworth, mfereji hufuata bonde la mto Colne na kuteremka kwa loki nane hadi Cowley. Loki ni chumba cha maji chenye malango makubwa mbele na nyuma. Mashua inayoshuka huingia chumba kikiwa kimejaa, malango ya nyuma hufungwa, kisha vibao vya kwenye malango ya mbele huinuliwa kwa mkono wa chuma ili maji yatoke. Mabawa mawili ya lango hukutana kwa pembe inayoelekea maji ya juu, kwa hiyo maji yenyewe ndiyo yanayolikaza. Wageni hujichosha kulisukuma mapema. Tofauti ya sentimita 10 tu hulemea kila mita moja ya mraba iliyo majini kwa uzito wa kilo 100. Bawa lenye mita 5 za mraba majini linashikiliwa na nusu tani. Maji yakilingana, hufunguka kwa kuegemezwa mgongo.

Hatari ya kweli iko nyuma. Chini ya malango ya juu hutokeza kizingiti, nacho hufichwa na maji chumba kinapojaa. Tezi ikikikalia huku maji yakishuka, omo huzama na mashua hujaa kwa dakika chache. Mstari mweupe hupakwa ukutani kuonyesha kizingiti kinapoishia, na nahodha asiyeutazama simwonei huruma.

Loki ya Denham, yenye kina kuliko zote katika mfereji huu, hukushusha kama mita 3.4. Kila ikifunguliwa, zaidi ya lita 300,000 huenda zake, na baadhi ya maji hayo yametoka mbali, kwenye mabwawa ya vilima vya Tring. William Jessop, aliyesimamia ujenzi baada ya Bunge kuuidhinisha mwaka 1793, alizifanya loki hizi ziwe pana kiasi cha kuingiza mashua mbili ubavu kwa ubavu. Ndiyo maana adabu ya huku ni kumngoja anayekuja nyuma mshuke pamoja, kwa maji yaleyale.

Na mashambani kwenyewe? Kulia na kushoto kuna maziwa yenye miti na ndege, na msafiri huapa kwamba jiji bado liko mbali. Maziwa hayo mengi ni mashimo. Karne ya 20 ilichimba hapa kokoto na mchanga kwa ajili ya ujenzi, mashimo yakajaa maji, miti ikaota. Juu yake sasa limepita daraja la reli ya kasi ya HS2, lenye urefu wa kilomita 3.4, refu kuliko madaraja yote ya reli ya Uingereza. Zege lake nalo limekula kokoto za mahali fulani. Karibu na loki ya Stocker's kuna alama ya zamani ya kodi ya makaa: katika karne ya 19, makaa yaliyovuka hapo yalitozwa ushuru wa London. Mtoza ushuru alishajua jiji linaanzia wapi. Linaanzia malishoni.

Baada ya Cowley loki zinakoma. Jessop aliacha bonde na kuufuatisha mfereji usawa mmoja wa ardhi, na tawi la kwenda Paddington, lililofunguliwa mwaka 1801, halina loki hata moja. Utulivu huo wa maji ulileta biashara. Udongo wa mfinyanzi wa Yiewsley na Hayes ulichomwa matofali, yakapakiwa mashuani kwenda kujenga mitaa ya London. Mashua zilirudi na taka za jiji na majivu ya majiko. Majivu yalichekechwa na kuchanganywa na udongo, nayo yalisaidia tofali kuiva kutoka ndani. Taka zilifukiwa mashimoni. Stockley Park, bustani ya ofisi yenye uwanja wa gofu, imekaa juu ya machimbo na jalala.

Huku nahodha hukumbana na taka za leo: mfuko wa plastiki ukijizungusha kwenye rafadha, huna budi kuzima mashine, kufunua kifuniko cha tezini na kuukata kwa kisu, mkono ndani ya maji baridi. Kiwanda cha Nestlé cha Hayes, kilichosimama kando ya maji, kilifungwa mwaka 2014. Njia panda ya Bull's Bridge, ambako tawi la Paddington huanzia, iko mpakani na Southall, mtaa ambao familia nyingi za Kihindi zilizotoka Kenya na Uganda zilihamia, na ambako Kiswahili cha wazee bado chaweza kusikika dukani.

Hapo safari ya siku huishia, kama saa saba au nane tangu Batchworth. Pa kufunga kamba huwa pa kugombaniwa, kwa sababu watu wengi walioshindwa na bei za nyumba za London sasa wanaishi mashuani. Sheria ya mwaka 1995 humtaka asiye na gati lake aendelee kusafiri, asikae mahali pamoja kwa zaidi ya siku 14 mfululizo.