Wazazi Wakiachana, Mtoto Asiachwe



Wazee walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Bwana na bibi wakitengana, nyasi ni watoto. Akina mama wengi wanaokuja kwetu huuliza, "Huyu baba hatumi hata shilingi. Je, ni lazima nimpe mtoto amwone?" Akina baba nao husema, "Nitalipaje karo ya mtoto nisiyeruhusiwa kumwona?" Tumeonelea tueleze sheria inavyosema, hasa kuhusu kumwona mtoto chini ya uangalizi, jambo ambalo wengi hulichukua kama adhabu.

SHERIA INASEMAJE?

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi wake. Baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Haikuwa hivyo zamani. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimwachia mama asiyeolewa mzigo huo tangu mwanzo. Sheria hiyo ilifutwa, na sasa tunatumia Sheria ya Watoto ya 2022. Basi maneno ya ati "sikutoa mahari, huyo si wangu" hayana nguvu mbele ya hakimu.

Katiba inasema pia kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi yake ndiyo ya kwanza. Korti haiulizi nani kati ya wazazi ameumizwa zaidi. Inauliza mtoto atakuwa salama wapi, atasoma wapi, amezoea nani, na kama ana umri wa kuelewa, yeye mwenyewe anasemaje.

MATUNZO NI KANDO, KUMWONA NI KANDO

Hakimu anaweza kuamua mtoto akae na mama, na baba awe akimwona siku fulani, au kinyume chake. Matunzo, yaani chakula, karo, nguo na matibabu, huamuliwa kando. Baba asipolipa, mama asimfungie mtoto nyumbani. Aende kortini kudai matunzo. Mama akimficha mtoto, baba asikate pesa. Naye aende kortini. Mtoto hali chakula cha hasira. Kumwona mzazi si zawadi ya aliyelipa. Ni haki ya mtoto.

UANGALIZI NI NINI?

Pengine mzazi ana ulevi, au amewahi kumpiga mtoto au mwenzake. Pengine kuna hofu kwamba atamtorosha mtoto. Wakati mwingine hakuna ubaya wowote: baba alikwenda zake mtoto akiwa mchanga, leo ana miaka sita na hamjui. Hapo korti yaweza kuamuru waonane mahali maalumu, kwa saa zilizotajwa, mbele ya mtu wa tatu. Mahali hapo panaweza kuwa ofisi ya Afisa wa Watoto, au nyumbani kwa nyanya au shangazi anayeaminiwa na pande zote mbili. Mara nyingi, kabla ya kuamua, korti humwagiza Afisa wa Watoto atembelee nyumba zote mbili na kuandika ripoti.

Ukiombwa kuwa mwangalizi, fanya hivi:

1. Fika mapema, ukae mahali unapoona na kusikia.
2. Usibebe ujumbe wa wazazi. Wewe si posta.
3. Usikubali mtoto apelelezwe: "Nani hulala kwenu? Mama amenunua nini?"
4. Mzazi akija amelewa, au akianza vitisho, simamisha ziara kwa upole na umrudishe mtoto.
5. Andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, na uliyoyaona kwa macho yako. Usiandike uliyoyasikia sokoni.

Uangalizi ni kama daraja. Mzazi akija kwa wakati, akiwa na akili timamu, mwezi baada ya mwezi, anaweza kurudi kortini kuomba amri ibadilishwe amwone mtoto bila mwangalizi. Lakini asijibadilishie mwenyewe. Anayevunja amri ya korti, awe baba au mama, anaweza kufungwa.

MKIELEWANA NYUMBANI

Si lazima kila jambo lianzie kortini. Wazee, padre au Afisa wa Watoto wanaweza kuwakalisha pamoja. Mkikubaliana, andikeni: siku gani, saa ngapi, nani atamchukua mtoto, sikukuu zitakuwaje. Kumbukeni kwamba karatasi ya chifu si amri ya korti. Iwapo mna kesi, pelekeni mapatano yenu kwa hakimu ayafanye amri.

Lakini palipo na kipigo au unajisi, msikalishe wazee kwanza. Pigeni ripoti polisi au kwa Afisa wa Watoto, au mpige simu 116, ambayo ni ya bure. Sheria ya 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani inairuhusu korti kutoa amri ya ulinzi.

Mwisho, tunawaomba wana jumuiya ndogo ndogo na wazazi wa ubatizo: ndoa ya jirani ikivunjika, msigawanyike timu mbili. Anayetafutwa ni mtu mmoja ambaye watoto wanaweza kukaa kwake Jumamosi saa mbili hivi, wamwone baba au mama bila woga. Mkiweza kuwa mtu huyo, mmemsaidia mtoto kuliko maneno mengi.