Boti inalalia upande mmoja? Angalia kikopo cha mafuta kabla ya kununua pampu

Boti ya starehe inatoka Wete kuelekea Tanga, msimu wa kusi. Upepo unaipiga ubavu wa kushoto na boti inauinamia, kama ilivyo kawaida ya boti za fiberi zenye kitako cha umbo la V. Nahodha anabonyeza swichi ya upande huo ainyanyue. Pampu inalia, boti hainyanyuki. Au inanyanyuka, na dakika tano baadaye imelala tena.

Mkondo wa Pemba una upana wa kama kilomita 50. Si mahali pa kubahatisha na abiria waliosogea wote upande mmoja kukwepa maji.

Kinachotakiwa kuinyanyua boti ni vibao viwili vya chuma vilivyofungwa nyuma, chini ya tezi, kila upande kimoja. Kibao cha kushoto kikishuka, maji yanakisukuma na kuinua upande wa kushoto. Kila kibao kinashushwa na silinda ndogo ya haidroliki. Mafuta yanatoka kwenye pampu yenye kikopo chake, yanapita kwenye paipu nyembamba hadi kwenye silinda. Yakipungua au yakikosa presha, kibao hakina nguvu.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mwenye boti anaagiza pampu nje ya kisiwa, anangoja wiki kadhaa, anaifunga, na tatizo liko palepale. Mara nyingi pampu haikuwa na kosa.

Kikopo ndicho kinachosema ukweli. Pandisha vibao vyote juu kabisa, kisha weka alama ya kalamu pale mafuta yalipofika. Lazima viwe juu, kwa sababu vikiwa chini sehemu ya mafuta iko ndani ya silinda na kipimo kitakudanganya. Tumia boti siku moja, pandisha tena, angalia.

Mafuta yamepungua? Basi yanamwagika nje. Hayajapungua, lakini kibao hakikai chini? Basi yanarudi kwenye kikopo kupitia vali iliyochakaa au iliyoingia uchafu. Vali husafishwa, na gharama yake ni jasho tu.

Kama yanamwagika, anza ndani ya boti. Pangusa maungio yote kwa kitambaa kikavu, bonyeza swichi, kisha pitisha karatasi nyeupe chini ya kila ungio. Mafuta ya mifumo mingi ya aina hii ni yale mekundu ya gia otomatiki, kwa hiyo tone halijifichi. Angalia na ngama pia: maji yenye utando mwekundu yanamaanisha uvujaji uko ndani.

Ndani kukiwa kukavu, zimebaki silinda na pale paipu inapotoboa tezi. Kwa boti ya Jadida, bamvua linasaidia. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na boti inaweza kukalishwa kwenye mchanga mgumu, ikategemezwa kwa miti pande zote mbili. Una saa chache tu, kwa hiyo sili, spana na mafuta viwe tayari kabla maji hayajatoka. Mtu asiweke mkono kati ya kibao na boti wakati mwenzake yuko kwenye swichi.

Kwenye silinda, kwangua magamba na mwani taratibu, bila bisibisi. Mara nyingi magamba hayo ndiyo yanayokwaruza fimbo na kukata sili. Angalia pia kipande cha zinki: kikiisha, chumvi inaanza kula chuma chenyewe.

Bado hujui kosa ni la pampu au la silinda? Badilisha paipu mbili za pampu, ya kushoto iende kulia. Kibao kibovu kikiendelea kuwa cha kushoto, kosa liko kwenye paipu au silinda ya kushoto. Ubovu ukihamia kulia, kosa liko kwenye pampu au vali yake.

Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa Vimto, maji ya chumvi yameingia. Yamwage yote kwenye dumu, si baharini, usafishe na kujaza mapya. Mafuta ya breki yasitiwe kabisa, hata kwa siku moja: huharibu sili ambazo bado ni nzima.

Ukimaliza, shusha na kupandisha vibao mara kadhaa ili hewa itoke, na ujaze kikopo kadiri mafuta yanavyoshuka. Ikiwa bado unaongeza mafuta kila asubuhi, uvujaji upo, na boti isivuke mkondo mpaka upatikane.