Unapovuka Holili kwa pikipiki, kibali kifungwe ukirudi

Wakazi wa Taita Taveta wanaokwenda Tanzania kwa pikipiki wanakumbushwa kuwa kugongewa muhuri wa uhamiaji hakutoshi. Pikipiki nayo huhitaji kibali cha muda cha forodha, kinachotolewa upande wa Holili, ambako maafisa wa nchi zote mbili huhudumia wanaotoka Kenya.

Beba hati ya umiliki, leseni ya udereva na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA. Ikiwa pikipiki si yako, beba barua ya idhini kutoka kwa mwenyewe. Soma tarehe ya mwisho ya kibali kabla ya kuondoka dirishani.

Unaporudi, pita forodha upande wa Taveta kibali kifungwe. Kisipofungwa, kumbukumbu zitaonyesha pikipiki bado iko Tanzania, na unaweza kudaiwa ushuru.