Bakteria walamethani wa ardhi oevu

Bakteria walamethani (huitwa pia metanotrofi) ni bakteria wanaotumia gesi ya methani (CH₄) kama chakula na chanzo cha nishati. Wanaishi pale methani inapokutana na oksijeni: katika mashamba ya mpunga, maziwa, madampo, udongo wa misitu na hasa ardhi oevu. Makala hii inaeleza umetaboli wao kwa mfano wa Mkoa wa Katavi nchini Tanzania, kuanzia mbuga za Inyonga wilayani Mlele hadi Ziwa Tanganyika.

== Mbuga na tope lake ==

Siku hizi wengi wakisikia neno "mbuga" hufikiria hifadhi ya wanyama. Magharibi mwa Tanzania neno hilo lina maana nyingine pia: bonde tambarare la nyasi na udongo mweusi wa mfinyanzi, linalojaa maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Mbuga za aina hiyo zimo katikati ya miombo ya Inyonga, na maji ya upande wa kaskazini humwagika katika Mto Ugalla, tawi la Malagarasi. Upande wa magharibi, Mto Katuma hulisha mbuga za Ziwa Katavi na Ziwa Chada ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi.

Maji yakituama, viumbe wa udongoni humaliza oksijeni haraka. Katika tope lililoloa kabisa oksijeni hupenya milimita chache tu. Chini ya hapo nyasi na mizizi iliyokufa huozeshwa bila hewa, na viumbe wadogo wanaoitwa arkea hutoa methani mwishoni mwa mchakato huo. Gesi hiyo hupanda juu, na katika tabaka jembamba la mpaka hukutana na bakteria walamethani.

== Umetaboli ==

Methani si chakula rahisi. Kuvunja kiungo kimoja kati ya kaboni na haidrojeni katika molekuli yake kunahitaji takriban kilojuli 439 kwa moli, na viwandani kazi hiyo hufanywa kwa joto kali. Bakteria hawa huifanya katika joto la kawaida la tope kwa kutumia kimeng'enya kinachoitwa methani monooksijenesi. Kipo cha aina mbili: kimoja kimo ndani ya utando wa seli na huhitaji shaba, kingine huelea ndani ya seli na huhitaji chuma.

Kimeng'enya hicho huigawa molekuli ya oksijeni. Atomu moja huingizwa katika methani, ikawa methanoli. Ya pili huwa maji. Hatua hii haiipi seli nishati, bali huigharimu elektroni, kama mkulima anayetoa mbegu ghalani kabla ya kuvuna. Ndiyo sababu bakteria wengi wa kundi hili hawawezi kuishi kwa methani pasipo oksijeni, hata gesi iwe nyingi namna gani.

Methanoli hugeuzwa kuwa fomaldehidi, na hapo njia hugawanyika. Sehemu moja huoksidishwa kuwa fomati, kisha dioksidi ya kaboni, na elektroni zinazopatikana hulipa gharama ya hatua ya kwanza na kuipa seli nishati. Sehemu nyingine hujenga mwili wa seli. Jamii kama *Methylomonas* na *Methylobacter* huiunganisha fomaldehidi na sukari yenye kaboni tano. *Methylosinus* na *Methylocystis* hupitia asidi amino iitwayo serini. Fomaldehidi ni sumu, kwa hiyo haiachwi ikusanyike.

Bakteria wa namna hii alitengwa kwa mara ya kwanza na Nicolaas Söhngen nchini Uholanzi mwaka 1906.

== Gesi inayoponyoka ==

Methani ina uwezo wa kupasha joto angahewa takriban mara 28 kuliko uzito uleule wa dioksidi ya kaboni, ikipimwa kwa miaka 100, na ardhi oevu ndiyo chanzo chake kikubwa cha asili. Kiasi kinachofika hewani hutegemea sana njia inayopita. Gesi inayosambaa polepole majini huliwa kwa wingi. Inayopanda kama mapovu hupita haraka mno. Mafunjo na mpunga hufanya mambo mawili kwa pamoja: mirija ya hewa ndani yake hupeleka oksijeni mizizini, ambako bakteria hunufaika, lakini pia huitoa methani nje moja kwa moja.

Kiangazi, mbuga inapokauka, oksijeni huingia kwenye nyufa. Utengenezaji wa methani hupungua, na baadhi ya bakteria wa udongo mkavu huweza hata kula methani kidogo iliyomo hewani. Hali ni tofauti katika madimbwi machache yanayobaki Katuma, ambako viboko husongamana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu Mto Mara nchini Kenya ulionyesha kuwa kinyesi cha viboko humaliza oksijeni katika madimbwi kama hayo. Chakula cha walamethani kinakuwepo, lakini pumzi hakuna. Kwa hiyo umwagiliaji wa mpunga katika bonde la Katuma, unaopunguza maji ya mto kiangazi, hauhusu wanyama wakubwa peke yao.

== Ziwa Tanganyika ==

Mpaka uleule upo kwa kipimo kikubwa zaidi katika Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina kina cha takriban mita 1,470, lakini oksijeni hushuka hadi karibu mita 100 upande wa kaskazini na 200 upande wa kusini. Maji ya chini yana methani. Mwaka 1980 J. W. M. Rudd alichapisha utafiti kuhusu uoksidishaji wake ziwani humo. Katika tope la mbuga bakteria hupata milimita chache za kufanyia kazi. Hapa methani hupanda mamia ya mita kabla ya kufika juu, na sehemu kubwa huliwa njiani.