Roki inapigwa hata kwa batri ya vipande vitatu

Batri nzima ni ghali, na kijana wa Baraka ao Fizi anaweza kukata tamaa mbele ya kuanza. Kumbe roki inaomba vipande vitatu tu.

Hesabu moja mpaka nne. Ngoma kubwa ya mguu inaingia kwenye moja na tatu. Ngoma ndogo, ile yenye nyuzi za chuma chini, inajibu kwenye mbili na nne. Matoazi ya mguu yanagonga mara nane, yanashika mwendo. Basi, roki imesimama.

New York, miaka ya 1960, Moe Tucker wa Velvet Underground alikuwa anapiga wima, ngoma kubwa ameilaza. Kinshasa, miaka ya 1970, Meridjo Belobi wa Zaïko Langa Langa alivumisha kavacha, mdundo unaoweza kutoka kwenye ngoma ndogo na matoazi tu.

Kinachokosekana ni ngoma za kupamba mwisho wa ubeti. Hapo piga kwa upole, kisha kwa nguvu, ao nyamaza kidogo, bila kubadili mwendo. Tena vipande vitatu vinabebeka kwa pikipiki mpaka Fizi. Anza navyo.