Je, Wajua? Magazeti Madogo Yaliyotunza Historia ya Vijiji

Je, wajua kwamba mojawapo ya magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili liliandikwa na watu waliowahi kuwa watumwa? Liliitwa Msimulizi, likaanza mwaka 1888 huko Kiungani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, katika shule ya misheni ya Kianglikana ya UMCA. Wanafunzi wengi wa Kiungani walikuwa watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walipohitimu walitumwa kufundisha Magila, Masasi, Newala, hata Likoma katika Ziwa Nyasa. Kutoka vituo hivyo waliandika habari za huko, na kupitia gazeti wenzao wakajua nani kahamia wapi na shule gani imefunguliwa. Mwaka huohuo wa 1888 pwani yote ya Tanzania bara ya leo, kuanzia Pangani, iliingia katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Vita hivyo vimo katika kila kitabu cha historia. Maisha ya mwalimu kijana wa Masasi hayamo, isipokuwa katika karatasi kama hizi.

Magila nayo, katika nchi ya Bonde karibu na Muheza, ilipata gazeti lake katika miaka ya 1890: Habari za Mwezi.

Je, wajua kwamba gazeti la serikali ya kikoloni linaweza kujaa sauti za wanavijiji? Kiongozi lilichapwa Tanga katika shule ya serikali ya Wajerumani, na waliopiga chapa ni wanafunzi wenyewe waliofunzwa kazi hiyo. Walioandika kutoka bara walikuwa walimu, makarani na maakida waliopita katika shule za serikali. Waliandika habari za mvua, mavuno, simba aliyeua watu, ofisa aliyepita na msafara wake. Serikali ilitaka gazeti la kusifu utawala, na sifa hizo zimo tele, kwa hiyo msomaji wa leo lazima alisome kwa tahadhari. Lakini mtu aliyeandika kwamba mvua imekosekana katika wilaya yake hakuwa akimsifu mtu. Aliandika alichokiona shambani, na leo mtafiti wa njaa au wa hali ya hewa ya zamani anamshukuru. Kiongozi lilikoma mwaka 1916, Waingereza walipoiteka Tanga. Kufikia 1929 magazeti haya ya Kiswahili yalikuwa yamekwisha kuwa somo la tasnifu ya chuo kikuu Ujerumani, iliyoandikwa na Hilde Lemke.

Baada ya Kiongozi likaja gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923; lilikuwa na ukurasa wa habari za miji, na wapo waliofungua ukurasa huo kabla ya mwingine wowote.

Je, wajua kwamba Mwanza palizaliwa gazeti la vijijini kwa ajili ya watu wazima waliotoka tu kujifunza kusoma? Mikoa ya Ziwa ilikuwa uwanja wa mradi mkubwa wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, na walimu wakagundua kwamba asiye na cha kusoma husahau herufi. Ndipo likaja Elimu Haina Mwisho, mwaka 1974. Jina lake lenyewe ni agizo.

Wenzetu wa Wales wana magazeti ya namna hii yanayoitwa papurau bro, yaani magazeti ya mtaa, yote kwa lugha ya Kiwelisi, yakiandikwa na kusambazwa na watu wa kujitolea. La kwanza, Y Dinesydd, lilitoka Cardiff mwaka 1973. Magazeti ya aina hii yamesaidia lugha yao kubaki hai katika mambo ya kila siku, na ningependa Wazaramo na Wapokomo wapate kitu kama hicho.

Je, wajua kwa nini gazeti la zamani huwa la manjano na kuvunjika mkononi? Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa rojo la mti ambamo lignini, gundi ya asili ya mti, haikuondolewa. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hugeuka rangi na kutoa asidi inayokata nyuzi za karatasi. Yaani gazeti hujila lenyewe, hata kama mchwa hawajalifikia. Kwetu kuna hatari ya tatu: gazeti la jana hufungia maandazi leo, au hubandikwa ukutani kuziba upepo. Sisemi ni kosa, karatasi ni mali. Lakini kwa njia hiyo matoleo mengi ya zamani yametoweka kabisa hapa nyumbani, na nakala za UMCA leo zinatafutwa Oxford, katika maktaba za Bodleian.

Kama una gazeti la parokia, la ushirika au la shule, lililochapwa hata kwa stensili, litoe pini za chuma kwa sababu hushika kutu, usilizibe kwa selotepu, lilaze kwenye boksi mahali pakavu pasipo na jua. Andika kwa penseli jina la kijiji na mwaka. Kisha piga picha kila ukurasa, matangazo ya vifo na bei za pamba yakiwemo, na nakala moja ipeleke maktaba ya mkoa au idara ya nyaraka.